Bi Mwanjaa na Choo cha Waheshimiwa

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa mji, mlima upande huu na mto upande ule.

Tupitishe katikati.

Pakawa soko, watu tele na meza tele.

Tupe nafasi tukae.

Basi kaeni. Sogeeni mkekani, na mwenye njugu atafune polepole nisisikie maganda. Hadithi hii nilipewa na shangazi yangu aliyekuwa akiuza vitunguu, naye hakuwa mtu wa kutia chumvi. Chumvi alikuwa akiiuza mwenzake wa meza ya pili.

Hapo kale, wala si kale ya mbali, ni kale ile ambayo pikipiki zimekwisha kufika lakini petroli bado inauzwa kwa chupa ya soda, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Mtambatamba. Ulikuwa kijiji. Ukakua. Ukapewa halmashauri. Na halmashauri ikapewa madiwani saba, karani mmoja, muhuri mmoja, na ramani moja kubwa ya kubandika ukutani.

Ramani ile ilipendwa, jamani. Madiwani waliipaka rangi wenyewe, kwa penseli, ndimi zikiwa nje kama watoto wa chekechea. Kijani, kanda ya mashamba. Njano, kanda ya makazi. Nyekundu, kanda ya biashara. Kuku wako akiwa katika njano, ni kuku tu. Akivuka barabara akaingia katika nyekundu, amekuwa biashara, anadaiwa ushuru. Mnacheka? Shangazi alimjua mtu aliyelipia jogoo mara mbili, kwenda na kurudi.

Ndani ya nyekundu palikuwa na soko. Na sokoni mlikuwa na kila kitu. Mchele umo. Kamba za katani zimo. Dawa ya panya imo, na mtu wa kuisifia. Kitu kimoja tu hakikuwamo, nacho ni choo.

Naona wanaume mnatazamana. Mnasema si kitu, ukuta upo. Haya, nyinyi mna ukuta. Wanawake je?

Mwanamke wa soko la Mtambatamba akibanwa, anafunga kanga vizuri, anamgeukia mwenzake, anamwambia, "Nitazamie, shoga, nitazamie." Halafu anavuka barabara. Anateremka bondeni. Anapita juu ya gogo. Anaingia kwenye matete. Na kurudi ni hivyo hivyo, isipokuwa sasa anapanda.

Tena kulikuwa na kanuni. Meza ikiachwa bila mwenyewe, hiyo ni meza iliyotelekezwa, na kilichoko juu yake kinakuwa mali ya soko. Mgambo wa soko aliitwa Kilua, kijana mrefu, mkimya, asiyejua mzaha. Kilua hakuchukia mtu. Alifuata kanuni. Akikuta nyanya peke yake anabeba nyanya. Akikuta dagaa peke yao anabeba dagaa. Ukimwambia, "Kilua, nilikuwa nimekwenda kule," anakujibu, "Najua, mama," na anaendelea kubeba.

Basi wanawake wakafanya nini? Wakaacha kunywa maji. Jua la saa saba linawaka, midomo imekauka kama ganda la mhogo, na mtungi uko hapo hapo. Hanywi mtu.

Sasa mjueni Bi Mwanjaa. Alikuwa muuza uji wa ulezi, mwanamke mnene, mwenye sauti ndogo. Watu wenye sauti ndogo waangalieni sana. Kusoma hakujua, ila ukimwambia neno leo, mwakani atakurudishia lile lile, na namna ulivyokohoa katikati. Jirani yake wa meza alikuwa Mwavita, muuza nyanya, mwenye mimba changa ya miezi mitatu. Na mwenye mimba, sina haja ya kuwaeleza, gogo lile alikuwa akilivuka mara sita kwa siku.

Bi Mwanjaa akamtazama mwenzake akienda na kurudi, akienda na kurudi. Akasema, "Mimi nakwenda kwa waheshimiwa."

Halmashauri ilikaa kila mwisho wa mwezi. Ofisi yake ilikuwa nyuma ya soko, na ngazi zake zilikuwa tisa. Bi Mwanjaa akapanda ngazi tisa.

Mwenyekiti aliitwa Mheshimiwa Semgaya. Mtu mtaratibu, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, aliyependa hotuba kama wengine wanavyopenda nyama. Shingoni alivaa uzi mwekundu, na kwenye uzi palikuwa na ufunguo. Ufunguo wa nini? Nyuma ya ofisi, uwanjani, kando kidogo, kilikuwapo choo kimoja. Vigae vyeupe, mlango wa buluu, na kioo cha kujitazama ndevu. Mlangoni kimeandikwa WAHESHIMIWA TU.

"Shikamooni, waheshimiwa," akasema Bi Mwanjaa.

"Marahaba, mama. Sema shida yako."

"Soko halina choo."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huzuni. "Hoja nzito. Wangapi wanaunga mkono kijengwe?"

Mikono saba ikapanda.

"Vizuri. Kijengwe wapi?"

Mikono saba ikashuka.

Diwani wa mlimani akasema, "Kwangu ni kanda ya makazi. Choo cha umma hakikai na makazi."

"Watu wa makazi hawaendi chooni?" akauliza Bi Mwanjaa.

"Wanakwenda, mama, lakini kwa utaratibu."

Diwani wa mtoni akasema, "Kwangu ni kanda ya mashamba. Anayetaka shambani, shamba lipo."

Diwani wa barabarani akasema, "Kwangu sina neno. Ila kuna upepo. Upepo wa mji huu unatoka kwangu unakwenda kwa wenzangu wote. Mimi nawahurumia wao."

Wakahurumiana mpaka saa sita. Mwisho wakaunda kamati, na kamati ikawa ni wao wenyewe. Bi Mwanjaa akashuka ngazi tisa.

Mwezi ukaisha. Akapanda ngazi tisa.

"Shikamooni, waheshimiwa. Nimekuja kuulizia choo."

Mwenyekiti alikuwa akitabasamu mpaka masikioni. "Mama, umekuja siku njema. Bajeti tuliitenga, na kazi imekwisha kuanza. Lakini mtu hawezi kujenga kitu asichokijua. Kwa hiyo tulikwenda kujifunza."

Walikwenda saba wote, kwa basi dogo la kukodi, siku nne, katika mji mwingine wenye vyoo vinavyosifika. Wakamwonyesha picha. Hii hapa, Mwenyekiti amesimama mbele ya choo. Hii, Diwani wa mlimani ameshika bomba. Hii, wote saba wamepanga mstari, kila mmoja na mlango wake.

"Na mlivitumia?" akauliza Bi Mwanjaa.

"Tulivitumia sana."

"Vilikuwaje?"

"Vizuri mno, mama. Mtu hatamani kutoka."

"Na bajeti imebaki kiasi gani?"

Wote wakamgeukia karani. Karani aliitwa Mzee Mndolwa, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, mtu aliyekuwa ameandika mihtasari ya vikao kwa miaka ishirini na mitano na hajawahi kuulizwa maoni yake. Mzee Mndolwa akafunua daftari, akakohoa. "Imebaki ya kibao," akasema.

Bi Mwanjaa akashuka ngazi tisa.

Na kweli, kibao kikaja. Kikasimikwa pembeni mwa soko, maandishi meusi juu ya rangi nyeupe: ENEO HILI LIMETENGWA KWA UJENZI WA CHOO. NI MARUFUKU KUCHIMBA.

Wanawake wakakizunguka kibao. Wakasema, kama eneo lipo, mikono tunayo. Kesho yake wakaja na majembe ya nyumbani, wakaanza shimo. Walikuwa wamefika magotini, Kilua akatokea.

"Mna kibali?" akauliza.

"Kilua, na mama yako yumo humu anachimba."

"Namwona. Shikamoo, mama. Mna kibali?"

Hawakuwa nacho. Shimo likafukiwa. Mwezi ukaisha, Bi Mwanjaa akapanda ngazi tisa, mara ya tatu.

"Shikamooni, waheshimiwa. Naomba kibali cha kuchimba."

"Kibali kinatolewa na kamati," akasema Mwenyekiti.

"Kamati ni nani?"

"Kamati ni sisi."

"Basi nipeni."

"Mama, hapa ni kikao. Hapa si kamati. Hatuwezi kuchanganya."

"Kamati inakaa lini?"

"Ikipata bajeti."

Bi Mwanjaa akawatazama mmoja mmoja, saba wote. Akasema, "Asanteni, waheshimiwa," kwa ile sauti yake ndogo. Akashuka.

Sasa nyamazeni kidogo, maana hapa si pa kucheka.

Mwavita mimba ilikuwa imefika miezi sita. Bonde lilikuwa limemshinda, gogo alikuwa akiliogopa, basi na yeye akaacha maji, toka asubuhi mpaka jioni. Siku moja ya jua kali, anampimia mtu nyanya, mkono ukabaki hewani. Akaenda chini. Nyanya zikamfuata, zikibingirika. Bi Mwanjaa akamwinua kichwa akaona midomo yake imepasuka, weupe wa macho unaonekana. Hakungoja mtu. Akambeba na mwenzake mmoja mpaka zahanati, akakaa naye mpaka jioni, mganga akimtia maji ya chupa mshipani tone kwa tone.

"Huyu ana kiu tu," mganga akasema. "Kwa nini hanywi maji?"

Bi Mwanjaa akafungua mdomo, akaufunga. Aone haya kwa jambo ambalo si aibu yake? Akaona haya. Na aliporudi akikumbuka vile alivyoona haya, ndipo hasira ilipomkaa.

Akafika sokoni. Sufuria ya uji haipo. Upawa haupo. Vikombe havipo. Meza ilikuwa imetelekezwa, na Kilua alikuwa amefuata kanuni.

Kesho yake asubuhi akaenda kwa karani kudai vyombo vyake. Si kwenye kikao. Kwa Mzee Mndolwa peke yake, kwenye kile chumba cha mafaili.

"Vyombo nitakurudishia, Bi Mwanjaa," mzee akasema, kwa kunong'ona. "Hata mimi nimeona vibaya. Ila kanuni ndivyo ilivyo."

"Nisomee hiyo kanuni."

Mzee akafungua kitabu cha sheria ndogo. Akasoma: "Kila kilichomo ndani ya mpaka wa soko, kiwe kimejengwa, kimechimbwa au kimeachwa, ni mali ya soko, kwa matumizi ya watu wa soko, chini ya mgambo wa soko."

"Nisomee tena."

Akasoma tena.

"Nisomee tena, pale pa kujengwa."

"Kiwe kimejengwa."

Bi Mwanjaa akageuka. Akatazama dirishani. Kutoka dirisha lile uliuona uwanja wa nyuma, majani, na mbele kidogo mlango wa buluu.

"Mzee Mndolwa, mpaka wa soko anaupanga nani?"

"Kikao."

"Kikao kinaweza kuusogeza?"

"Wanausogeza kila wakitaka, mama. Ni mstari wa penseli tu."

Karani naye akatazama dirishani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakusema neno. Nilikwambieni, miaka ishirini na mitano hajaulizwa maoni.

Mwezi ukaisha. Bi Mwanjaa akapanda ngazi tisa, amevaa kanga mpya.

Madiwani walipomwona wakashusha pumzi. Diwani wa barabarani akamnong'oneza jirani yake, "Choo hicho." Lakini Bi Mwanjaa hakutaja choo. Neno hilo siku ile halikutoka kinywani mwake hata mara moja.

"Shikamooni, waheshimiwa. Nimekuja kuwasaidia."

"Marahaba. Kutusaidia nini?"

"Soko limejaa. Watu wa vijijini wanakuja na mazao, hawana pa kuweka meza, wanarudi nayo. Na mtu akirudi na mazao yake, anarudi na ushuru wake. Nimehesabu meza thelathini zinakosa mahali."

Madiwani wakakaa wima. Meza thelathini.

"Sasa mimi nimeona ule uwanja wa nyuma ya ofisi," akaendelea. "Ofisi yenyewe siigusi, ofisi ni ya waheshimiwa. Nasema kuanzia ukuta wa nyuma hadi kwenye mwarobaini. Mngeupaka rangi nyekundu, uwe soko, tungejaa humo."

"Mama huyu," akasema Mwenyekiti, "ana akili ya maendeleo."

Diwani wa mtoni akainua kidole. "Lakini pale nyuma hakuna kitu chetu?"

Wakafikiri. Kusema kweli hawakufikiri. Ilikuwa saa saba na nusu, na jikoni kwa jirani pilau ilikuwa imekwisha kufunuliwa. Ile harufu ya bizari iliingia kikaoni bila kubisha hodi.

"Majani tu," akasema Diwani wa mlimani.

"Majani," wakasema wote.

Mzee Mndolwa alikuwa amesimama mbele ya ramani, penseli nyekundu mkononi. "Mheshimiwa Mwenyekiti," akauliza, polepole, "mstari upite wapi?"

"Upite hapo anapopasema mama."

"Pamoja na vyote vilivyomo?"

"Pamoja na vyote vilivyomo, Mndolwa, tufunge kikao."

"Niandike hivyo kwenye muhtasari?"

"Andika. Gonga muhuri."

Karani akaandika. Akagonga muhuri. Shangazi alisema siku ile aligonga mara mbili, na haikuwa kawaida yake.

Haya. Kulipopambazuka, wanawake thelathini walikuwa uwanjani na meza zao. Mchicha hapa, mihogo pale, karanga kule, mistari mitatu iliyonyooka. Kilua akapita, akatoza ushuru, akaandika stakabadhi. Mwenyekiti alikuwa dirishani na kikombe cha chai, anatazama soko jipya kama baba wa watoto wengi. Akasikia hatua kwenye ngazi. Zilikuwa tisa.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, Bi Mwanjaa. Umeona kazi yetu?"

"Nimeiona. Nimefuata ufunguo."

"Ufunguo gani?"

"Wa choo cha soko."

Mwenyekiti akacheka. Halafu akaona kuwa Bi Mwanjaa hacheki. Halafu akatazama dirishani, akauona mlango wa buluu, upande wa kushoto una mchicha, upande wa kulia una mihogo. Kikombe akakiweka.

"Kile ni cha waheshimiwa. Kimeandikwa."

"Kimeandikwa mlangoni," akasema Bi Mwanjaa. "Mzee Mndolwa ana kilichoandikwa kitabuni."

Mzee Mndolwa akaitwa. Akaja na kitabu, tayari ameweka kidole kwenye ukurasa. Akasoma kiwe kimejengwa, kimechimbwa au kimeachwa. Akasoma na muhtasari, pamoja na vyote vilivyomo. Akasoma kwa sauti safi ambayo watu hawakujua kuwa anayo.

"Nitaita kikao cha dharura," akasema Mwenyekiti. "Tutaufuta huo mstari leo hii."

"Haufutiki, Mheshimiwa," akasema karani. "Kanda ikibadilishwa haibadilishwi tena mpaka ipite mwaka."

"Nani alipitisha kanuni hiyo?"

"Nyinyi, Mheshimiwa. Mwaka ule mlipogawana viwanja vya mtoni, mlitaka watu wasije wakawarudisha nyuma."

Mwenyekiti akakaa. Kilua alikuwa amesimama mlangoni, kalamu sikioni. Karani akamgeukia. "Kilua, wewe ndiye mgambo wa soko. Choo ni mali ya soko. Ufunguo unakaa kwa nani?"

Kilua akafikiri. Akamtazama Mwenyekiti, mtu aliyempa kazi. Akatazama kitabu. Kisha akatazama dirishani, pale mama yake alipokuwa akipanga mihogo. Akanyoosha mkono.

"Najua, Mheshimiwa," akasema. "Lakini ndivyo ilivyo."

Ule uzi mwekundu ukatoka shingoni, ukikwama kidogo kwenye ndevu.

Jamani, foleni ya siku ile. Ilianzia mlango wa buluu, ikazunguka mwarobaini, ikarudi. Wanawake waliingia, wakatoka, wakajitazama kwenye kioo, wakarudi nyuma ya foleni waingie tena. Na meza zao? Hakubebwa kitu. Aliye chooni yumo sokoni, hajatelekeza. Kilua mwenyewe ndiye aliyelieleza hilo, tena kwa fahari.

Waheshimiwa wakasema, watachoka. Hawakuchoka. Ikafika siku ya kikao kikubwa cha bajeti, kile kinachoanza asubuhi kikaenda mpaka jioni, na chai inapita mara nne. Chai ya kwanza, madiwani wakanywa. Chai ya pili, wakanywa. Chai ya tatu, Diwani wa mlimani akaanza kukaa upande upande. Akatoka. Akafuata Diwani wa mtoni. Akafuata wa barabarani, akitembea kwa hatua fupi.

Mwisho Mwenyekiti akashuka mwenyewe. Mbele yake kulikuwa na watu ishirini na watatu, na watatu kati yao walikuwa madiwani.

"Bi Mwanjaa," akasema pembeni, kwa upole, "mimi ni mwenyekiti."

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Nina kikao."

"Pole na kazi. Wa mwisho ni yule mama mwenye ndizi."

Mwenyekiti akatazama ofisi. Akatazama foleni. Akakumbuka upande wa pili wa barabara, na bonde, na matete. Shangazi alimwona kwa macho yake akivuka gogo, suruali ameishika kwa mikono miwili, koti limening'inia kwenye tete. Aliporudi amelowa mguu mmoja. Kikaoni walikuwa wamebaki wanne, kisha watatu, na karani akaandika: Kikao kimevunjika kwa kukosa akidi. Juma lililofuata wakarudia. Kikavunjika. Juma jingine wakarudia. Kikavunjika.

Ndipo kwenye kikao cha nne, kabla ya chai, Mwenyekiti akasimama. "Waheshimiwa, kuna hoja ya dharura. Choo cha soko. Wangapi wanaunga mkono?"

Mikono saba ikapanda.

"Kijengwe wapi?"

Mikono saba ikabaki juu.

Diwani wa mlimani akasema, "Kijengwe kwangu. Kanda ya makazi, mnajua, na makazi yana watu."

Diwani wa mtoni akasema, "Kwangu kuna maji. Tena mashamba yana nafasi."

Diwani wa barabarani akasema, "Waheshimiwa, nimefanya uchunguzi. Upepo umegeuka."

Wakagombana nusu saa nzima, kila mtu akikivutia choo kwake, mpaka Mzee Mndolwa akainua mkono. Wote wakamtazama. Mkono wa karani ulikuwa haujawahi kupanda.

"Mimi naona," akasema, "waulizwe wanaokitaka."

Wakaulizwa. Wanawake wakasema, kando ya soko, milango minane, na bomba la kunawia. Kuhusu pesa, Mwenyekiti alikata fungu la ziara nyingine ya mafunzo, walikuwa wanataka kwenda kuangalia madaraja, na hakuna aliyelalamika. Vibali vilitoka siku hiyo hiyo. Mafundi walipofika, madiwani ndio waliokuwa wakiwapelekea maji ya kuchanganyia saruji, wakiwahimiza, "Mafundi, hamwezi kuongeza mwendo?"

Kikaisha. Milango minane, imepakwa rangi. Na kitu kikiisha Mtambatamba, lazima kizinduliwe. Utepe ukafungwa kutoka nguzo hadi nguzo. Viti vikaletwa. Mwenyekiti akaja na suti, na hotuba yenye kurasa kumi na moja, na mkasi juu ya kitambaa.

Akaanza na historia ya mji. Akaingia kwenye mipango miji. Akaeleza kwamba wazo la choo hiki lilizaliwa katika moyo wa halmashauri. Wanawake wakamtazama Bi Mwanjaa. Bi Mwanjaa alikuwa akimmiminia mtu uji, hakuinua hata kichwa. Yeye hotuba hakuitaka, na hakuwa na ugomvi nayo.

Mwenyekiti alikuwa kwenye ukurasa wa tano, anasema, "Na ndiyo maana, ndugu wananchi," aliponyanyuka Mwavita. Mimba ilikuwa imefika mwezi wake, tumbo liko mbele kama mtungi. Akapita katikati ya viti polepole. Akapita mbele ya madiwani. Akafika kwenye utepe, akainama kwa shida, mkono mmoja kiunoni, akapita chini yake. Akachagua mlango wa tatu. Akaufunga.

Mwenyekiti akabaki na karatasi mkononi, mdomo wazi. Hakuna aliyejua la kufanya, wala hakuna kanuni iliyosema.

Ndani kukasikika sauti ya Mwavita, ya heshima kabisa.

"Endelea, Mheshimiwa. Nakusikia."

Basi hadithi nimeibeba mpaka hapa, nami mabega yamechoka.

Itue, tuipokee.

Nimeitua. Aliyeipenda aondoke nayo, asiyeipenda ampe jirani yake, na mimi nipisheni nikunje mkeka.